Homa ya Binti wa Jirani

Harufu ya spiriti hunirudisha kwenye foleni ya chanjo ya surua, Navakholo. Mama alimuuliza nesi, "Unaweza kuapa kwamba hatapata homa?"

"Siwezi, mama. Homa kidogo huwa inakuja."

Mama akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Binti wa jirani alidungwa. Alishikwa na homa siku mbili, akachinjiwa kuku, nami nikamwonea wivu hata kwa ule wino waliompaka kidoleni kuonyesha amechanjwa.

Surua iliponipata, nililala wiki mbili, macho yakiniwasha, sikio moja likitoka usaha. Halijasikia tena hadi leo. Kwa lile lingine nilimsikia binti wa jirani uani akiruka kamba na kucheka.

"Kwa nini si yeye?" nikamuuliza Mama.

Aliinuka, akafunga dirisha.