Jua Lilivyokata Televisheni ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kufunga madishi, naishi Same mjini, na kwa miaka mingi nilijiona mjuzi wa kila kinachotoka angani. Jeuri hiyo iliniisha asubuhi moja ya mwezi wa tisa, kule Mbaga mlimani, uani kwa mama wa mchumba wangu.

Barua yangu ya posa ilikuwa kabatini kwake, haijajibiwa. Alikuwa na sababu zake. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge huku, Kipare sikijui, na kazi yangu mama aliiona ya kubahatisha. Basi nikajitolea kumfungia dishi, tena lile kubwa la zamani, la duara, ambalo kichwa chake cha kunasia mawimbi kinasimama mbele, katikati. Nilitaka aione kazi. Jioni picha ilikuwa safi kabisa, nami nikaenda kulala kwa jirani nikijiona bwana harusi tayari.

Kesho yake saa nne na dakika kumi, nikiwa nimekaa na mama tunatazama, mahubiri yakiwa yamekolea, picha ikakatika vipande vipande, ikaganda, ikapotea. Nikatoka mbio. Nikalegeza nati, nikalizungusha dishi huku na huku, na hapo ndipo nilipoharibu kweli. Ilinichukua mpaka mchana kuyapata tena mawimbi. Mama hakufoka. Alisema tu, kwa upole, kwamba mtu asiyeweza kutuliza televisheni, nyumba ataitulizaje. Maneno yale yaliniuma.

Nikampigia mchumba wangu, anayefundisha fizikia sekondari huko Makanya. Nilitegemea pole. Yeye akataka kujua ilikuwa saa ngapi hasa, kisha akauliza kivuli cha kile kichwa kilikuwa kimeangukia wapi. Nikakumbuka kwamba kilikuwa katikati kabisa ya dishi. Akacheka mpaka nikakasirika.

"Hujakosea kitu," akasema. "Umemfungia mama darubini."

Akanieleza. Siku chache za mwezi wa tatu na wa tisa, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti. Na jua halitoi mwanga peke yake, linatoa pia mawimbi ya redio, na dishi langu lilikuwa linayapokea mpaka yakayafunika yale ya setilaiti. Wanaastronomia wana madishi ya namna hiyo, mengine makubwa kuliko uwanja wa mpira, na wanazisikiliza nyota mchana kweupe, hata mawingu yakitanda. Darubini za vioo hukusanya mwanga, kwa hiyo hizo hutaka usiku na anga safi. Nyingine hurushwa juu kabisa, nje ya hewa yetu, maana eksirei za nyota huzuiwa na hewa hazifiki chini. Kila moja inapata kile ambacho mwenzake hakipati.

Nilikuwa nimesimama njiani na simu sikioni, mwili mzima unanisisimka. Miaka yote hiyo nimebeba darubini kwenye pikipiki, na sikuwa na habari!

Nikarudi kwa mama nikitamba. Nikamwambia kesho saa nne na dakika kumi picha itakatika tena, itarudi yenyewe, wala sitagusa kitu. Tutakaa uani, nimwonyeshe kivuli kikifika katikati ya dishi.

"Na isipokatika?" akauliza.

"Nitachukua barua yangu, mama, niondoke."

Asubuhi ukaja ukungu. Ukafunika migomba, ukafunika na dishi lenyewe, kivuli hakuna. Nikaogopa vibaya sana. Yote niliyoelezwa yalinitoka kichwani, nikabaki nikiwaza kwamba jua halipo na mke ndiyo basi. Tukakaa ndani, mama kwenye kiti chake, mimi kwenye stuli karibu na mlango. Saa nne kamili, picha safi. Na dakika tano, safi. Mama akaniangalia, kisha akaliangalia kabati.

Saa nne na dakika kumi mhubiri akagawanyika vipande, akaganda mdomo wazi.

Nilisimama nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

"Lakini jua halipo," mama akasema.

"Lipo, mama. Sisi ndio hatulioni. Dishi linalisikia."

Akatoka nje. Alisimama kwenye ukungu na khanga yake begani, akatazama kule dishi linakoelekea, kweupe tupu. Aliporudi hakukubali nizime televisheni. Alikaa akiikodolea macho ile picha iliyoganda, na ilipofunguka baada ya dakika chache nikaona kabisa kwamba amesikitika.

Akaenda kabatini, akaitoa barua, akaiweka mezani.

"Waambie wazee wako waje," akasema. "Ila waje kesho, kabla ya saa nne."

Baba yangu alipanda mlima alfajiri, amevaa suti, amejiandaa kuzungumzia mahari. Kwanza alikalishwa mbele ya televisheni.