Mtemi Aliyepunguza Mwendo

Baba yangu alikuwa mtunza ng'oma ya mtemi, mzaliwa wa Kishapu. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, mzaliwa wa upande wa Kagongwa. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, lakini usiyaandike, wala la mtu mwingine yeyote. Andika polepole. Mimi sikusoma, na ukikosea sitajua. Ndiyo maana nakukazia macho.

Mtemi wetu alipofariki, aliacha mjukuu mmoja tu wa kiume, kijana asiyefikia miaka ishirini, naye alikuwa Mwakitolyo akichimba dhahabu. Utemi wa siku hizi hauna mahakama wala askari. Una ng'oma, kigoda na wajibu wa kuomba mvua. Hata hivyo sisi banang'oma, wazee tunaomteua mtemi, tuliapa kufuata mila. Mteule haji mwenyewe, hukamatwa. Ajaye kwa miguu yake ameitamani ng'oma, na mwenye kuitamani haketi kigodani. Jina lake nalo halitamkwi mpaka aketi. Asipokamatwa kabla ya mvua za kwanza, ng'oma hufungiwa, na nyumba ile haitoi mtemi tena.

Wenzangu walitaka kutuma vijana. Nikawapa hotuba ndefu: mkono wa baba yangu ndio uliomkamata babu yake, hivyo wangu ndio umkamate yeye. Nilisahau kwamba mkono husafiri pamoja na magoti.

Machimboni niliwaambia wachimbaji kwamba namtafuta kijana mrefu, mwenye pengo la juu, mwepesi wa kucheka.

"Jina lake nani, babu?"

"Halitamkwi."

"Kalisahau huyu," mmoja akasema, wakacheka wote, na karibu wote walikuwa na mapengo.

Kwa kuwa sipendi kuchekwa, nilimdaka mkono aliyekuwa mrefu kuliko wenzake nikamtangazia kuwa yeye ndiye mtemi.

"Nashukuru, babu," akasema. "Ila mimi Muha wa Kasulu. Utemi nautaka, tatizo mama ataniuliza nimeuokota wapi."

Hapo ndipo mteule alipopanda kwa kamba kutoka kwenye duara, shimo lao la kuchimbia, mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga unga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Msiba nimeusikia. Nilikuwa nimeshafunga mzigo, kesho nije mwenyewe."

Nikashusha sauti. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi hujasema, nami sijasikia. Kimbia."

"Nikimbilie wapi?"

"Popote. Kimbia nikukamate."

"Kwa magoti hayo, babu?"

"Magoti yangu hayakuulizwa. Kimbia."

Akakimbia kwa utiifu, yaani kwa kasi yake yote. Mimi, niliyekuwa nikijisifu mbele yenu kwamba sijawahi kushindwa na ndama, nilipoteza katambuga ya kulia, kiatu changu cha tairi, kabla hatujafika kwenye karasha la kusagia mawe. Wachimbaji walinishangilia kama kwenye mpira. Yule Muha alikimbia kando yangu akiniuliza kama nahitaji maji. Kijana alipogeuka akaniona nimeinama nimeshika mbavu, alipunguza mwendo. Kisha akatembea. Kisha akachuchumaa afunge kamba za viatu, ilhali alikuwa amevaa mabuti ya mpira yasiyo na kamba. Nikamshika ukosi.

Nyumbani niliwaambia wazee kwamba nimemkamata baada ya mbio ndefu, nao hawakuuliza ndefu kwa nani. Akaketi. Ng'oma ikalia, mvua ikanyesha, na mpaka leo hakuna aliyelalamika. Lakini kila wazee wanaposifu mbio zangu, mtemi huinamisha macho na kusema, "Babu ana miguu," nami hunywa maji ingawa sina kiu. Mwenye kutaka kukipinga kigoda chake hahitaji zaidi ya kuuliza kama alikamatwa au alikuja. Hata mimi niliyekuwa na ukosi mkononi sina jibu.

Kwa hiyo sikiliza. Ile katambuga ya kushoto usiitupe; ya kulia imebaki Mwakitolyo, nayo ndiyo shahidi wangu pekee kwamba nilikimbia. Karatasi hii ifukie ndani ya kihenge, chini ya mtama, mpaka mimi na mtemi tuwe tumeondoka sote. Alivyoniambia kuhusu mzigo, futa. Habari za kamba za mabuti, futa pia. Hotuba yangu iache. Sasa nisomee yote, nisikie kama umefuta.