Anauza chai yenye harufu asiyoisikia

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mabati ya kibanda yana umande uliokaribia kuganda. Mwanamke aliyejitanda shali mbili ameinama juu ya kikaango kikavu chenye karanga vikombe vinne na lozi za kuhesabu. Anakoroga taratibu kwa mwiko mfupi, kichwa kakilaza upande mmoja kama mtu anayedukua maneno ya jirani.

Na kweli anasikiliza. Karanga zina maneno yake, na leo akikosa kuyaelewa, sufuria nzima itamwagwa.

Wateja humwita Mama Karanga. Ana miaka arobaini na moja, na huu ni msimu wake wa tisa wa kuuza chai ya rangi iliyopikwa kwa karanga katika mtaa huu wa mafundi cherehani na washona viatu. Joto likirudi huuza juisi, lakini jina lake limejengwa na kipupwe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chai hiyo, inayowavuta watu tangu kona ya barabara, yeye mwenyewe haisikii harufu.

"Yale mafua ya mwaka jana yalinilaza siku kumi na mbili," anasimulia. "Nikaamka mzima, isipokuwa pua. Naweza kupita kando ya jalala nikadhani niko bustanini."

Daktari alimwambia huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Ulimi wake umebaki na tamu, chungu na chumvi, basi. Nilipomuuliza kama ana wasiwasi haya yakiandikwa gazetini, alicheka. Tuandike tu, alisema, wateja wakijua watamwambia mapema karanga zikiungua.

Kwa mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwake lilikuwa pigo, kwa sababu ya namna chai hii inavyopikwa. Karanga hukaangwa bila mafuta, husuguliwa maganda, hupondwa nusunusu kwenye kinu kidogo, kisha huchemshwa kabla ya majani kutiwa. Halafu huchujwa kwa kitambaa mara mbili, maana mafuta yakielea juu mteja hudhani kikombe hakikuoshwa. Hayo yote mtu anaweza kuyafanya amefumba macho. Shughuli iko kwenye kikaango. Ukiepua mapema, chai inapwaya. Ukichelewa kidogo tu, inabeba harufu ya kuungua. Miaka yote hiyo Mama Karanga alipimia pua.

Hakumwambia mtu, hata mumewe, fundi bomba, hakujua. Kipupwe hiki kilipoanza akaamua kutumia saa: dakika saba, epua. Siku nne mambo yakaenda. Siku ya tano akanunua makaa mapya yenye moto mkali, na saa haikujua habari za makaa. Kwa wiki tatu aliuza chai ya karanga zilizoungua bila kujua.

Wateja nao wana adabu zao. Walimvika kilemba cha ukoka, wakasema leo imekolea kwelikweli, kesho yake wakapita njia nyingine. Kutoka vikombe themanini kwa siku, akawa hafikishi thelathini.

"Utaanzaje kumwambia?" anajitetea fundi cherehani wa jirani. "Mtu kakuamkia vizuri, kakupa kikombe cha moto kwenye baridi hii. Mimi nilikuwa naenda kumwaga nyuma ya karakana."

Aliyesema ni mama mkwe.

Bibi huyo wa miaka sabini na miwili alikuwa amekuja kutibiwa mtoto wa jicho, na asubuhi alikaa kwenye benchi la kibandani kuota moto. Kwa miaka kumi na sita wawili hao waliishi kwa salamu na kuulizana hali. Chai yenyewe ni ya bibi. Alimfundisha mke wa mwanawe mwaka wa kwanza wa ndoa. Tangu hapo kila akipewa kikombe alikunywa nusu, akakiweka chini. Ile nusu iliyobaki ilimuuma Mama Karanga kuliko tusi.

Asubuhi moja bibi alisema neno moja tu, kwamba karanga zimeungua. Kisha akauliza kama pua imeziba. Mama Karanga alitaka kujitetea, machozi yakamtangulia, akasema yote.

"Nilidhani atanicheka," anakumbuka. "Akasogeza benchi karibu na jiko. Akaniambia, 'Mimi sioni, wewe hunusi. Tukigombana leo, hii chai atapika nani?'"

Kuanzia hapo bibi akawa pua. Bado, anasema. Bado. Epua. Wateja wakarudi mmoja mmoja, na sasa vikombe vimevuka sitini.

"Nimempenda mama mkwe wangu nikiwa na miaka arobaini na moja," anasema Mama Karanga. "Nimechelewa, lakini nimempenda."

Sasa bibi amepasuliwa macho na anaona vizuri. Jumamosi anarudi kwake. Ndiyo maana wiki mbili hizi kibanda kimegeuka darasa. Amemfundisha mkwewe kusikiliza: karanga hunyamaza, kisha hupasuka harakaharaka, kisha milio huachana. Ukiweza kuvuta pumzi nzima kati ya mlio na mlio, epua. Halafu pasua lozi moja, utazame moyo wake kama umekuwa rangi ya mkate. Mara mbili Mama Karanga amekosea, na mara mbili akamwaga.

Leo anakaanga peke yake. Bibi amejifunga shali hadi juu ya pua.

"Nikinusa nitasema," anaeleza bila haya. "Mimi siku hizi siwezi kunyamaza."

Milio inaachana. Mama Karanga anavuta pumzi, anasubiri, anaepua. Anapasua lozi, anaitazama kwa muda mrefu, kisha anachukua kinu.

Chai inapoiva, kikombe cha kwanza kinaenda kwa bibi kama kawaida. Fundi cherehani ameshika cha kwake, hajakigusa, anasubiri hukumu. Bibi anafungua shali, ananusa. Anakunywa hadi nusu na kupumzika. Mama Karanga anatazama pembeni. Bibi anainua tena kikombe, anakimaliza, na kukinyoosha kikiwa kitupu.

"Ongeza," anasema.

Mama Karanga anageukia birika haraka, anausingizia moshi wa makaa machozi yake.

Benchi litabaki palepale karibu na jiko, anasema baadaye, kwa sababu bibi ameahidi kurudi kipupwe kijacho. Na kabla ya Jumamosi Mama Karanga ana kazi moja: kujaza kopo la karanga alizokaanga mwenyewe, bibi aondoke nalo.

"Akizitupa njiani sitajua," anasema, akifuta mikono. "Ila kwa nilivyomuona leo, hatazitupa."