Siku Niliyovaa Koti la Kamera la Amisi

Kwa video za harusi hapa Kasongo nilikuwa nasifiwa mimi tu, hadi mwenzangu Amisi alipoleta koti lenye mkono wa chuma unaobeba kamera isitikisike. Wivu ukanikaba. Kwenye harusi moja Kabambare, mama wa bwana harusi akasema, "Koti ya huyu kijana iko ya ajabu!" Nikajibu haraka, "Mama, ni yangu, nimemwazima tu."

"Basi vaa, tuone."

Amisi alikuwa anakula, koti kaliweka kando. Nikalivaa bila kukaza mikanda, nikafunga kamera yangu, iliyo nyepesi kuliko yake, bila kulegeza springi zinazoinua mkono wa chuma. Nilipouachia tu, ule mkono uliruka juu, ukanasa shela ya bibi harusi na kuivua. Nikauvuta, koti likapanda hadi masikioni, nikakwama humo. Muziki ukazimwa.

Amisi akaja mbio, ugali bado mkononi. "Dada Zaina, mutu anakaza mikanda kwanza, kisha anapima springi na uzito wa kamera. Si ungeniomba tu? Ningekufundisha."

Mama akanigeukia. "Umuombe nini, na umesema koti iko yako?"