Mkono wa Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, Shizue Kadowaki alikunja mkono wa sare yake, akaulaza mkono wa kulia juu ya mto, na mwenzake mdogo Rinko akaupiga shoti. Ndiyo ilikuwa kazi yao katika hospitali moja ya Yonago: kupima mishipa ya fahamu na misuli ya watu. Unabandika vibandiko chini ya dole gumba, unaupitishia mshipa umeme pale kwenye kifundo cha mkono, dole gumba linaruka, na kwenye kioo linapanda wimbi. Wimbi refu ni afya. Lakini mashine nayo huweza kusema uongo, kwa hiyo kila wiki ilijaribiwa kwanza kwa mtu anayejulikana kuwa mzima. Mtu huyo, tangu enzi za mashine ya zamani iliyokuwa kubwa kama kabati, alikuwa Shizue. Nusu ya wapimaji wa mji ule walijifunzia kazi kwenye mkono wake.

"Nikifa ukateni, muuache hapa hapa kazini," alikuwa akiwatania.

Nyumbani aliishi na mama yake, Bi Tokiko, aliyewahi kuvunjika nyonga na ambaye hakuweza kuingia kwenye beseni la kuogea bila kubebwa. Shizue hakuolewa, na kaka yake pekee alishatangulia mbele ya haki. Mama na mwana walibaki wawili, wakichambana kutwa kama mawifi. Bi Tokiko aliogopa kitu kimoja tu duniani, makao ya wazee, na Shizue alikuwa amemwahidi kwamba maadamu yeye yupo, huko hataenda.

Vuli ile wimbi la Jumatatu likaanza kufupika.

Wakamwita fundi wa mashine. Akaja na sanduku lake, akainama kuomba radhi mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza, akabadilisha nyaya zote. Jumatatu iliyofuata wimbi likawa fupi zaidi. Wakalaumu vibandiko, wakaagiza vingine. Wakalaumu umeme wa jengo. Fundi akarudi, akainama tena, maskini, kwa kosa ambalo hakulifanya. Sijui nicheke au nilie: chumba kizima cha watu wanaokula kwa kupima mikono, na hakuna hata mmoja aliyeutazama mkono. Wangeutazamaje? Ule ulikuwa ndio rula yao. Nani huipima rula?

Na Shizue mwenyewe? Mganga hajigangi. Vijiti vya kulia chakula vilikuwa vimeanza kumponyoka. Ufunguo ulikuwa mgumu kuzungusha. Akisoma gazeti, nyama ya bega ilimcheza chini ya ngozi, yenyewe tu, bila kuitwa. "Ni baridi," alijiambia, yeye aliyewafundisha vijana wote kwamba baridi hulichelewesha wimbi, hailifupishi hata siku moja.

Aliyegundua ni Rinko. Jumatatu moja Bi Tokiko aliteleza bafuni, Shizue akachelewa kazini, na Rinko akaijaribu mashine kwa mkono wake mwenyewe. Wimbi likapanda refu, zuri, halina kasoro. Akalitazama, akalifuta. Kule kwao mdogo hamwambii mkubwa wake, "Dada, mashine ni nzima, mbovu ni wewe." Kwa hiyo wiki kadhaa aliendelea kuitukana mashine pamoja na wenzake, kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka uongo ukamshinda.

"Dada, samahani sana," alisema akitazama sakafu. "Leo naomba tutumie mkono wangu."

"Mkono wako una nini? Umeota dhahabu?"

"Tujaribu tu, Dada."

Shizue akampiga shoti. Wimbi likapanda. Wote wawili wakaliangalia, kisha Shizue akaanza kuvibandua vibandiko taratibu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile Mama alipoteleza."

"Na ulikuwa unaitukana mashine pamoja nasi."

"Niliitukana, Dada. Nisamehe."

Shizue hakumkasirikia. Katika umri wa Rinko naye angeitukana.

Sasa kulibaki maradhi mawili, na kwa macho yanafanana kama mapacha. La kwanza, kinga ya mwili hukosea ikaushambulia mshipa na kuuziba mahali fulani njiani. Hilo lina dawa, unatundikiwa dripu, mkono unarudi. La pili, mishipa inayoiamuru misuli hufa yenyewe, mmoja baada ya mwingine: mikono, miguu, ulimi, na mwisho pumzi. Hilo halina dawa. Njia ya kuyatofautisha Shizue aliijua kuliko jina lake. Unaupiga mshipa shoti kwenye kifundo, halafu kwenye kiwiko, halafu kwapani, halafu shingoni. Kama mahali fulani wimbi linaanguka ghafla, hapo pameziba, na aliyezibwa apige magoti ashukuru. Watu huomba mali, huomba watoto. Shizue wiki nzima aliomba kuziba.

Alipimwa Alhamisi mchana, baada ya wagonjwa kwisha. Daktari Igarashi, mwanamume mnene mwenye haya, alisimama nyuma amefumbata mikono. Rinko ndiye aliyepiga.

Kwenye kifundo, wimbi fupi. Kwenye kiwiko, lile lile. Kwapani, lile lile.

"Rudia kwapani," Shizue alisema. "Ongeza umeme."

"Utaumia, Dada."

"Kwani mkono ni wa nani? Ongeza!"

Rinko akaongeza. Mkono ukaruka juu ya mto na machozi yakamtoka Shizue, lakini wimbi lilikuwa lile lile, halikuanguka hata chembe. Akaomba warudie tena, na tena shingoni, mpaka daktari akasema kwa upole, "Bi Kadowaki, inatosha."

Hakuna kilichoziba. Shizue alijifuta uso kwa mkono wa sare, na moyoni bado alikuwa akitafuta upenyo. Labda ni shingo. Labda mfupa wa shingo umebana mshipa, ugonjwa wa mkono mmoja tu.

Daktari akachukua sindano, ile nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli ili mashine iusikilize. Msuli mzima ukiwa umepumzika hunyamaza kimya. Wa mkono wake ulichakarika, na hilo kila mtu alilitarajia. Kisha daktari akasogeza kiti kuelekea mguuni.

"Mguu wangu hauna kitu, Daktari. Nimekuja kazini kwa baiskeli."

"Tuone tu."

Sindano ikaingia kwenye shavu la mguu. Kwenye spika ikasikika sauti ya manyunyu juu ya bati.

"Legeza mguu, Bi Kadowaki."

"Nimelegeza."

"Legeza kabisa."

"Daktari, umelegea."

Walikuwa watatu mle chumbani, na wote watatu waliijua sauti ile: ni yale maradhi ya pili, na yameshafika mguuni. Rinko akanyoosha mkono, akaipunguza spika mpaka ikanyamaza. Hakuna aliyemwagiza.

Daktari alikaa, akavua miwani, akaivaa tena. Kwa desturi habari kama hizi hupewa jamaa kwanza, na jamaa ndio huamua mgonjwa ajue kiasi gani.

"Niongee na nani nyumbani kwako?"

"Na mimi. Mimi ndiye nyumbani."

"Mama je?"

"Mama hataambiwa."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Mzee haambiwi kwamba mwanawe anatangulia. Hata yeye asingemwambia wake.

"Baridi ikiisha na maua ya mcheri yakichanua," Shizue aliuliza, "nitakuwa bado naweza kumbeba?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Tujikaze, Bi Kadowaki," alisema. Jikaze! Kule neno hilo hupewa mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani, na hupewa pia mtu anayekwenda kufa, kwa sauti ile ile. Shizue aliinama akamshukuru.

Baiskeli aliiacha hospitalini, akarudi kwa miguu. La kuvunda halina ubani, na yeye hakuwa mtu wa kujifukizia. Njia nzima hakuwaza kifo chake. Aliwaza beseni la kuogea, na ukingo wake mrefu, na nani atakayemwingiza mama.

Jioni walikaa mezani. Bi Tokiko alikiinua kipande cha figili kwenye supu, akakigeuza huku na huku.

"Hii umeikata na nini leo, na meno?"

"Kisu butu, mama."

"Kisu butu, mpishi butu. Baba yako angelia."

Shizue alicheka kidogo. Akamwacha ale, akamwongezea chai. Kisha akasema, "Mama, Jumamosi twende tukayaone yale makao kule karibu na mto."

"Makao ya nani?"

"Ya wazee."

Bi Tokiko akaweka bakuli chini. Akawa anapangusa meza kwa kiganja mahali palipokuwa safi.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Ni mashuka? Kama ni mashuka sema. Nitavaa hizo nepi. Nilikataa kwa ujeuri tu, nitazivaa."

"Si mashuka."

Bi Tokiko akainua uso ghafla, akamtazama kwa yale macho ya mama ambayo hayahitaji mashine. "Shizu. Unaumwa wewe?"

Shizue aliushusha mkono wa kulia chini ya meza.

"Siumwi, mama. Mzima kabisa."

"Kama huumwi, na mimi sijakosa, basi ni kwamba nimekuwa mzigo."

Angekataa, mama angeuliza tena, na tena, mpaka aupate ukweli.

"Ndiyo, mama," alisema. "Umekuwa mzigo."