Saa Niliyoirekebisha Bila Kuombwa

Naomba mnicheke polepole. Mimi ni fundi wa saa, nina kibanda karibu na Adams Arcade, na Jumamosi iliyopita nilienda Lavington kuona saa za kale ambazo Mzee Kariuki, mwalimu mstaafu, amezipanga sebuleni kwake kama makumbusho. Alinipokea kwa furaha, akaniambia nizunguke nijionee, akaingia jikoni kupika chai.

Ukutani kulikuwa na saa kubwa ya mbao. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa, lakini mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, na hiyo ilikuwa asubuhi! Nikamhurumia mzee, nikaona nimfanyie wema kimyakimya. Nikauzungusha mshale mrefu mara sita, na kila mzunguko saa ikagonga kengele hadi nyumba nzima ikasikia. Kimyakimya gani hicho!

Mzee akatoka na vikombe viwili, akaitazama ile saa.

"Ilikuwa imepotea, mzee," nikasema kwa maringo. "Nimeirekebisha."

"Hiyo ni ya marehemu mama," akasema taratibu. "Hakuwahi kuelewa kwa nini mshale uonyeshe kumi na watu waseme nne. Baba akaipanga iseme kama mama. Tangu hapo hatujaibadilisha."

Akanipa chai, akatabasamu.

"Hebu fundi, saa hii ni saa ngapi?"

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Mshale ulikuwa kwenye kumi kabisa.

"Saa nne, mzee," mdomo wangu ukajibu.