Ndege Aliyechapwa Kichwa Chini

Nitaandika vile ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya.

Kidato cha pili nilikuwa nakusanya stempu kwa sababu ni kazi isiyotaka mdomo. Shuleni tulikuwa na klabu, kila Ijumaa baada ya masomo, na wasichana wakubwa walifunua albamu zao wakaulizana maswali. Mimi niliketi mwisho wa benchi na stempu zangu za kawaida, zile kila mtu anazo. Nilitaka moja tu, moja ambayo ingewafanya waje kwangu bila mimi kumwita mtu.

Likizo ya Agosti nikaona tangazo nyuma ya jarida la vijana. Muuzaji alikuwa Nairobi, na sikujua zaidi ya sanduku lake la posta. Nilimwandikia, akanitumia orodha iliyopigwa taipu, na katikati kulikuwa na hii: "ADIMU KABISA. Kosa la mtambo. Ndege amechapwa kichwa chini. Zimebaki tatu Afrika Mashariki nzima, moja imeshaagizwa." Pesa hakutaka. Alitaka stempu nane za kabla ya Uhuru, zenye mhuri wa posta za njia ya reli.

Nilijua ziko wapi.

Babu alifanya kazi ya reli, na miaka hiyo alimwandikia nyanya barua tisa, zikapanda milimani mpaka kwao Mghange. Mabati ya nyanya yalipoanza kuvuja alituletea barua hizo tumwekee hapa Voi, ndani ya foronya. Nyanya hajui kusoma. Kila akishuka kuja kliniki ya presha huniita, anazimwaga kitandani na kuchagua moja nimsomee. Anazijua kwa stempu. Ya twiga ni ya wakati baba alipozaliwa. Nyekundu yenye kichwa cha malkia ni ya mwaka wa njaa. Hakosei hata siku moja.

Hayo niliyajua. Ningependa kusema sikuyafikiria, lakini niliyafikiria, halafu nikajiambia nyanya atazoea.

Mama alipokwenda sokoni nilichemsha maji kwenye sufuria, nikapitisha bahasha moja moja juu ya mvuke. Stempu zilibanduka vizuri sana. Nikatuma zote tisa badala ya nane, ili yule ndege asije akapewa mtu mwingine.

Baada ya hapo nilikwenda posta kila siku, hata siku nilizojua barua za Nairobi haziji. Ilipofika nilifungulia bahasha palepale kwenye ngazi. Ilikuwa stempu ndogo ya nchi ya mbali, na kweli ndege wa manjano alikuwa kichwa chini. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Kiswahili mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Na yeye hukusanya, na ndiye mtu pekee mjini niliyeweza kumwonyesha kitu bila kutetemeka. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani. Aliitazama, akaingia nyuma, akarudi na albamu. Kwenye ukurasa mmoja zilikuwapo nne, zilezile.

"Huyu ni mnana, mwanangu," akasema. "Hebu tazama miguu, kashika kiota. Mnana hujenga vipi?"

Nikasema hujenga akiwa ananing'inia.

"Basi. Mchoraji kamchora alivyo. Mtambo haukukosa kitu."

Nyuma ya shule yetu ya msingi kuna mgunga uliojaa viota hivyo. Nimewatazama ndege hao wakining'inia tangu darasa la kwanza, na bado niliamini maneno ya taipu.

Mzee akavuta droo akanionyesha orodha ya muuzaji yuleyule, ya miaka mitatu nyuma. Zimebaki tatu, moja imeshaagizwa. "Hizi tatu zake zazaana," akasema. Alicheka, akaniona uso, akaacha. Aliniambia nimwandikie yule mtu siku hiyohiyo niombe zangu.

Niliandika. Jibu lilikuwa kipande cha karatasi: mabadilishano yakishafanyika hayarudi nyuma. Alikuwa ameambatisha orodha mpya. Wiki hiyohiyo nyanya alituma salamu kupitia mama mmoja anayeleta kabichi sokoni, kwamba Alhamisi anashuka.

Siku tatu zilizobaki nilirudisha sahani jikoni na chakula chake. Mama alidhani ni malaria.

Alhamisi nyanya alikunywa chai, akaitisha foronya. Mama alikuwa mlangoni na ungo, akimenya mbaazi. Nyanya alizimwaga barua kitandani, akachukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Kila bahasha ilikuwa na alama ya mraba kwenye kona, safi kuliko karatasi nyingine yote. Alizipapasa hizo alama kwa kidole gumba. Ningeweza kusema kabla hajauliza, na sikusema.

"Nani amezitoa?"

"Ni mimi, nyanya."

Nikaeleza yote, muuzaji, ndege, mvuke. Mama alianza kunigombeza, nyanya akamwashiria anyamaze. Kisha akachagua barua kwa kubahatisha, akanipa.

"Haya, soma. Nafikiri hii ni ya kuzaliwa baba yako."

Nikafungua. "Mke wangu mpendwa, nakusalimu sana. Nakujulisha kwamba hapa stesheni ya Maungu nimeoa, na mwenzako huyu tayari ana..."

"Wacha."

Nikawacha. Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya ungo. Kwetu hakuna aliyewahi kusikia habari za mwanamke wa Maungu. Babu tunayeambiwa sisi alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa mke mmoja.

Mama aliinuka polepole, akaenda jikoni na mbaazi zake. Nyanya akaniambia nifunge mlango. Alisema barua ile ilisomwa mara moja tu, mwaka ilipofika, na katekista ambaye sasa ni marehemu. Ilikuwa na stempu ya samaki. Miaka yote hiyo alipomwona samaki, mkono wake ulipita ukachukua nyingine.

Halafu akataka nimsomee mstari wa kwanza wa zile nane zingine, sikioni, kwa sauti ndogo. Kila moja alipoitambua aliikunja kona kwa namna yake, hii mara moja, hii mara mbili, hii kwa chini. Mimi nililia juu ya karatasi na yeye akanisukuma kichwa ili nisizilowanishe. Ile ya Maungu hakuikunja. Aliitia kifuani ndani ya nguo.

"Mama yako atakuuliza," akasema. "Mwambie ulisoma vibaya."

Jioni, nyanya akiwa ameshapanda gari la Mghange na foronya yake, mama aliniuliza. Nikamwambia nilisoma vibaya. Aliniangalia, akasema sawa, akanituma maji.